Matete Nyuma ya Wodi ya Wazazi

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Pimamaji,

Nimekaa kwenye benchi la chumba cha kufulia, maana ndiyo sehemu pekee ya kituo hiki ambapo nesi akikaa haulizwi kitu. Natumaini u mzima, unakula vizuri, na lile koti nililokushonea unalivaa badala ya kulitundika nyuma ya mlango. Sisi huku hatujambo. Jirani yetu mshona nguo amepata wajukuu mapacha. Sasa hashoni tena, anazunguka mtaa mzima na picha zao. Paka wako amehamia kwake, hana hata aibu. Baba yako yupo.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ninayo. Simu nikiishika nyumbani kila mtu anatega sikio, na wewe ukisikia swali zito mtandao unakatika. Karatasi haina cha kukatika. Dereva wa gari la dawa huja huko kwenu kila mwezi, amekubali kuwa tarishi wetu.

Sasa jambo lenyewe. Lile shimo la maji machafu nyuma ya wodi ya wazazi unalijua. Lilichimbwa wakati wodi ina vitanda vichache, na leo wazazi wanalala hadi kwenye korido. Limejaa. Mvua zilipokuja likafurika, maji yakatafuta njia yao kuelekea kwenye kamba za kuanikia. Tumepanga mawe ya kukanyagia, ukipita unaruka kama chura. Lori la kunyonya linakuja, linanyonya, linaondoka, na kabla hatujamaliza kushukuru tumerudi pale pale.

Bwana afya amekuja kukagua. Alifunga pua kwa leso, akaandika sana. Halafu daktari mkuu akatuita: hadi mwisho wa mwaka maji haya yasipotafutiwa ufumbuzi, wodi inafungwa. Wazazi wote watapelekwa hospitali kubwa ng'ambo ya mto.

"Na anayeshikwa na uchungu ghafla?" nikamuuliza.

"Sista," akasema, "mimi siye niliyetunga sheria."

Usiku huo sikupata usingizi, nikakumbuka kwamba wewe ndicho unachosomea. Uliniambia kabla hujaondoka, nami nikaelewa nusu: mabwawa ya kokoto, matete juu, maji yanaingia machafu yanatoka ya kumwagilia maua. Je, ni kweli, au ilikuwa lugha ya kuombea nafasi ya chuo? Nijibu kwa lugha ya nyumbani.

Shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, nikajua imetoka mikononi mwako. Mimi mzima. Koti navaa. Chumba nakaa na msichana wa kemia anayechemsha mayai ndani ya birika la chai. Nimemkanya, anasema maji yakishachemka yote ni mamoja. Hongera nyingi kwa mshona nguo, na mwambie paka namdai maelezo.

Ulichoelewa ni kweli. Hatuchanganyi dawa yoyote. Maji machafu yanaingia kwanza kwenye tangi, yanatulia, mazito yanazama chini. Yaliyobaki yanapita polepole katikati ya kokoto, chini kwa chini, huwezi hata kuyaona. Juu tumepanda matete. Kwenye mizizi na kwenye kokoto kunaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, na chakula chao ni ule uchafu. Sisi kazi yetu ni kuvijengea nyumba na kuvipa muda. Nyumba yenyewe tunaiita kitanda. Kuta zake najenga kwa matofali yasiyochomwa: udongo, mchanga, saruji kidogo, na majivu ya pumba za mpunga badala ya saruji nyingine. Hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri. Hiyo ndiyo shahada yangu yote kwa ufupi.

Lakini Shangazi, huu bado ni utafiti. Kitanda changu kiko nyuma ya karakana ya chuo, kinapokea maji ya bweni moja tu, na wiki hizi kina marekebisho madogo. Wodi ya wazazi si mahali pa kujaribia. Nawashauri muombe injinia wa halmashauri aje apime. Wao wana uzoefu.

Salamu kwa wote nyumbani.

Pimamaji


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umenijibu kama karani wa dirishani: muone mwenzangu chumba cha pili. Huyo injinia wa halmashauri alikuja mwaka juzi. Alisema atarudi na vipimo. Kama vipimo vilimlemea njiani, mimi sijui.

Eti mnaviita vitanda! Mimi vyangu havitoshi, na wewe huko unalaza kokoto.

"Salamu kwa wote nyumbani." Wote ndio akina nani? Nyumba hii ina watu wawili, mimi na kaka yangu. Salamu zangu umeziandika juu kabisa, basi aliyebaki tunamjua. Najua kilichokukaa rohoni. Nilikuwepo mezani siku ile tunakuaga, nimeshika sufuria, aliposema mbele ya wageni, "Nimebeba matofali miaka yote hii ili mwanangu akasomee vinyesi vya watu?" Wageni wakacheka. Wewe ukaweka sahani chini taratibu, na asubuhi ukaondoka bila kumgongea mlango. Tangu hapo yeye hataji jina lako, na wewe hutaji lake, na mimi katikati nimekuwa kama ukuta wa vyumba viwili. Siandiki ili niwapatanishe. Mimi mkunga, si hakimu.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita mzazi mmoja, ametoka kujifungua juzi yake tu, alikwenda kuanua nguo za mtoto. Jiwe likamponyoka mguuni, akaanguka ndani ya yale maji. Alikuwa na mshono. Kidonda kikaingia wadudu, homa ikapanda hadi tukaogopa. Sasa anapata nafuu, anakula, anamnyonyesha mwanawe. Lakini aliponishika mkono akaniuliza, "Sista, kwani maji yale ni ya nani?" nikageuka nikajifanya natafuta kipimajoto. Umri wote huu kazini, najificha nyuma ya kipimajoto.

Kwa hiyo usiniambie wodi si mahali pa kujaribia. Sisi tunajaribiwa kila siku.

Mengine ni ya kawaida. Mapacha wameanza kucheka. Baba yako haendi kazini siku hizi, anapumzika.

Shangazi


Tarehe 20 Mei

Shikamoo Shangazi wangu,

Najua umengoja. Dereva wa gari la dawa amepita hapa mara mbili, nikamwambia bado naandika. Nilikuwa siandiki, nilikuwa na aibu.

Yale "marekebisho madogo" yalikuwa uongo. Kitanda changu kilikuwa kinakufa. Matete yalianza kukauka kuanzia upande wa kuingilia maji, halafu maji yakagoma kupita, yakatoka juu, na karakana nzima ikanuka hadi mafundi wa magari wakahamisha meza yao ya chai. Mtu mmoja akaandika kwa chaki ukutani, "Karibuni baharini." Mimi nikaendelea kupima kila asubuhi na kumwonyesha Profesa anayenisimamia namba za zamani. Barua yako ya mzazi aliyeanguka ilinikuta hapo. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye shimo langu mwenyewe linalonuka, halafu nikaenda kwa Profesa nikamweleza yote.

Unajua alichofanya? Yule mama ana umri kama wako na magoti mabovu. Alivaa gambuti, akachukua koleo, akasema, "Twende tukamfukue marehemu." Tukachimba pamoja. Kwenye mdomo wa kuingilia, kokoto zilikuwa zimeshikamana kwa mafuta ya jikoni, meupe, magumu kama nta ya mshumaa. Sikuweka kitu cha kuyanasa mafuta kwa sababu michoro niliyoifuata haikuhesabu kwamba wanafunzi wanakaanga kila kitu. Nilitegemea kugombezwa. Akajipangusa jasho, akasema, "Sasa ndiyo una utafiti. Mwanzo ulikuwa na bustani."

Tumejenga upya. Kuna kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya tangi. Mlangoni tumeweka mawe makubwa, kokoto ndogo zinafuata mbele. Na sasa ni vitanda viwili badala ya kimoja: hiki kikifanya kazi, kile kinapumzika. Maji yanatoka safi, Shangazi. Yananukia udongo uliolowa, basi.

Profesa anasema sehemu ya mwisho ya kazi yangu lazima iwe mahali penye watu na shida ya kweli. Nikajikuta nimemsimulia wodi yako. Akachukua kalamu palepale kumwandikia daktari mkuu. Nami nimeshindwa kumwambia kinachonitisha. Si vinyesi. Ni kusimama ndani ya shimo mtaani kwetu, mbele ya watu walewale waliocheka, na Baba akipita.

Halafu kuna neno lako moja limekataa kuniacha tangu barua ya Machi. Anapumzika? Baba? Mtu aliyerudi kazini siku ya tatu baada ya kumzika mama? Anapumzika tangu lini, na kwa nini?

Pimamaji


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Baba yako alianguka Januari. Jukwaa lilikatika akiwa anapiga plasta ukuta wa ghorofa, akaja chini na mbao zake. Paja lilivunjika. Wamemtia chuma, limeunga, anatembea na magongo, anaendelea vizuri, na ukali wote umerudi mahali pake. Hakuna kinachofichwa tena. Nilitaka kukuambia tangu barua ya kwanza. Alinikataza. Alisema, "Akijua ataacha masomo aje kunikanda miguu, na mimi sitaki kukandwa." Ndiyo sababu nikaandika kwamba yupo. Si nilisema kweli? Yupo.

Unaweza kunikasirikia. Nimewahi kukasirikiwa na wanawake wenye uchungu, nimezoea.

Sasa sikiliza hiki. Yale matofali mawili ya mfano uliyoacha chini ya ngazi, ya majivu. Siku moja natoka zamu namkuta kaka yangu uani, amekaa kwenye ndoo, amelizamisha moja kwenye pipa la maji. Namuuliza, unafanya nini? "Naangalia ujinga wa wasomi." Kila siku analitoa, analikwaruza kwa msumari, analigonga, analirudisha. Wiki ya kwanza alikuwa anasema, "Litayeyuka, ngoja." Lile la pili akalikalia kama kigoda. Siku hizi hasemi kitu. Ila jana nimemwona anabadilisha maji ya pipa, amelishika tofali kwa mikono miwili kama mtoto anayeogeshwa.

Barua ya Profesa wako imefika. Daktari mkuu ameitisha kamati. Kulikuwa na mzee mmoja aliyesema kwamba matete yataleta nyoka. Nikamuuliza kama nyoka anatisha kuliko kile kilichompata mzazi wetu, akaomba maji ya kunywa. Wamekubali. Eneo lote la nyuma hadi kwenye uzio ni lako. Mawe tunapewa na wenye machimbo, mafundi wawili watatoka kituoni, na akina mama wa mtaa wamesema kokoto watabeba wao. Watu waliocheka ndio haohao watakaobeba.

Njoo Agosti. Kitanda chako nimekitandika.

Shangazi


Tarehe 28 Agosti

Shangazi, shikamoo, na umenitega.

Nilifika mwanzoni mwa mwezi, mchana, nikaweka begi, nikaita hodi. Baba alikuwa kibarazani na magongo yake. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umefika."

"Shangazi yuko wapi?"

"Amekwenda mafunzo ya wakunga. Miezi mitatu."

"Tangu lini?"

"Jana."

Tukatazamana kama watu wawili waliofungiwa stoo kwa makosa. Siku za mwanzo tuliongea chumvi tu. Chumvi iko wapi? Kwenye kopo la majani ya chai. Chumvi imezidi. Hapana, ni yako uliyoongeza. Usiku kila mtu na redio yake.

Kituoni tumechimba. Akina mama wamekuja na ndoo na vichekesho vya kutosha, wengine nikawatambua walikuwa mezani siku ile. Hakuna aliyeitaja. Mshona nguo kabeba kokoto na pacha mgongoni. Mashine ya kufyatulia matofali imeletwa, tukafyatua, tukayaacha yakomae kivulini, tukaanza kuta.

Alhamisi iliyopita nasikia magurudumu. Baba amekuja kwenye kile kiti cha wagonjwa, kinasukumwa na mama wa chumba cha kufulia, anatweta. Akaangalia ukuta. Akamwangalia fundi. "Nani amekufundisha kujenga," akauliza, "adui yako?" Kona ilikuwa imepinda kidogo, mimi sikuiona. Akataka kamba, akataka timazi, akaubomoa mstari mzima kwa gongo lake. Tukaanza upya yeye akielekeza kutoka kwenye kiti kama refa.

Kesho yake ikawa zamu yangu. Tunamwaga sakafu ya kitanda, nataka iinamie upande wa kutokea, kidogo tu, maji yajue pa kwenda. Akakataa. "Mimi sijawahi kujenga sakafu ya kuinama. Watasema fundi alikuwa amelewa." Nikamwambia ikiwa sawa maji yatalala, na yakilala yananuka. Akasema weka bomba liwe chini. Nikasema bomba halivuti, Baba, si mdomo. Mafundi wakaacha kazi kutusikiliza. Mwishowe nikachukua beseni, nikatia kokoto, nikamwaga maji, nikaliweka sawa, halafu nikaliinua upande mmoja. Aliangalia mara mbili. "Haya. Iinamie," akasema. "Lakini kona ni zangu." Nikakubali. Kona zake, Shangazi, hazipitishi hata pumzi.

Jana jioni tunanawa pale bombani. Akasema, bila kuniangalia, "Siku ile."

Nikaendelea kusugua koleo.

"Nilijua watakucheka. Nikataka nicheke mimi kwanza, wao wakose nafasi. Ulipoinuka nikajua nimegonga nyundo pasipo msumari."

"Uliniumiza, Baba."

"Najua." Akafunga bomba, akalifungua tena, akanawa mikono ambayo ilikuwa imeshatakata. Halafu akauliza, "Hayo matete yanapandwa umbali gani?"

Nikamwonyesha kwa hatua. Tulirudi nyumbani polepole, mimi nimebeba magongo, yeye ameniegemea bega. Redio usiku huo ilikuwa moja.

Wako, niliyetegwa


Tarehe 2 Septemba

Mwanangu wee,

Marahaba mara elfu. Barua yako nimeisomea bwenini, nimelia, nimecheka, wakunga wenzangu wakadhani nimefiwa kisha nimerithi.

Ndiyo, mafunzo niliyaomba mwenyewe. Daktari mkuu alishangaa, mwaka mzima ananibembeleza nakataa. Nilimwambia safari hii nina wagonjwa wawili nyumbani, na dawa yao ni mimi kutokuwepo. Hapa tumelala wanne chumba kimoja, mmoja anakoroma kama jenereta, lakini nimejifunza njia mpya ya kumsaidia mtoto anayechelewa kulia, na nimefurahi kama mwanafunzi. Usimwambie kaka yangu niliyapenda mafunzo, atasema alijua.

Mwambie ale mboga.

Shangazi


Tarehe 15 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Baba hajambo. Anatembea na gongo moja, na mboga anakula akiwa amefumba macho. Mimi leo naandika nikiwa na hofu, basi nivumilie.

Maji tuliyafungulia katikati ya Septemba. Watu walisimama kuzunguka uzio kana kwamba tunazindua bandari. Siku za kwanza yote yalikwenda vizuri, matete yakachipua, lile dimbwi la kwenye njia likakauka na mama wa chumba cha kufulia akayatupa yale mawe ya kukanyagia kwa mkono wake. Halafu matete yakaanza kuingia unjano. Nikapeleka chupa za maji maabara, majibu yakarudi mabaya. Nikaona karakana yangu ya chuo inajirudia, safari hii mbele ya wazazi na watoto.

Nilitaka kunyamaza hadi niwe na jibu. Baba akaniona nimeduwaa na sahani. "Kumetokea nini?" Nikamwambia kila kitu, hata lile la kitanda cha chuo. Akasikiliza, akasema hajui lolote kuhusu vijidudu, ila ukuta ukipasuka yeye huwa anauliza umepasuka siku gani.

Kwa hiyo nikapima kila siku badala ya kila wiki, na hapo nikaliona: maji yalikuwa yanaharibika siku za kufua mashuka. Klorini. Siku hiyo mapipa yote humwagwa kwa pamoja, nguvu zote zinafika kitandani kwa mkupuo na kuviua vijidudu vyangu. Nilijua wodi inatumia klorini, niliihesabu kwenye karatasi, lakini niliigawanya kwa siku zote za wiki kana kwamba mashuka yanafuliwa kidogokidogo. Kalamu yangu ndiyo iliyokosea.

Tumejenga tangi dogo pembeni ya chumba cha kufulia. Maji makali yanalala humo kwanza, nguvu zinapungua, halafu yanatoka kwa tone yakichanganyika na mengine. Baba amelijenga akiwa amesimama. Nusu siku amesimama, anaimba kwa sauti mbaya ileile.

Matete yanarudi kijani, ila taratibu. Bwana afya anakuja Desemba. Kama vijidudu vitakuwa vimeongezeka vya kutosha kufikia hapo, sijui. Nasema kweli, sijui. Na mimi sitakuwepo, lazima nirudi chuo kuandika tasnifu kabla tarehe hazijanifunga. Namwachia Baba ufunguo wa geti na kazi ya kubadilishana vitanda, na wewe utarudi Novemba. Mkiona unjano, niambieni siku hiyohiyo, hata kwa simu, hata mtaa wote ukitega sikio.

Pimamaji


Tarehe 12 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini tasnifu inasonga na msichana wa kemia amenunua sufuria. Sisi wazima. Mapacha wanatembea, wameshavunja kioo cha mama yao mdogo. Paka amezaa, kwetu, chini ya kitanda chako. Nadhani ndiyo maelezo uliyokuwa unamdai.

Bwana afya amekuja jana. Alitoa leso yake mfukoni akiwa bado getini. Akafika nyuma ya wodi, akasimama, akaishika ile leso mkononi asijue aifanyie nini, mwishowe akajifutia kipaji. Matete yananipita kichwa. Wazazi wawili walikuwa wanaanika nguo, wanabishana nani kachukua vibanio vya nani. Daktari mkuu alikuwa amejiandaa kumwelezea mgeni. Hakupata nafasi. Baba yako alikuwa amevaa shati la kwendea harusini. Alimpeleka mgeni kuanzia kisanduku cha mafuta hadi bomba la kutokea, akimweleza vijidudu kana kwamba ni vibarua wake, wanaofika saa ngapi, wanakula nini, hawapendi nini. Maneno mengine aliyakosea, nikamfinya, akaendelea. Bwana afya akamuuliza, "Mzee, wewe ni injinia?" Akajibu, "Mimi ni fundi. Injinia ni binti yangu, yuko chuoni anaandika kitabu cha haya maji." Alisema kwa sauti kubwa mno kwa mtu aliyesimama karibu. Uzio mzima ulisikia, na nadhani ndio aliokusudia.

Chupa za maji zilichukuliwa wiki mbili kabla, na tena jana. Majibu ya kwanza alikuwa nayo kwenye mkoba. Yako ndani ya kiwango, mwanangu. Kipimo kimoja tu kiko ukingoni, amesema watakirudia mwezi wa tatu matete yakikomaa. Wodi haifungwi. Nimemwomba arudie, akarudia. Nikaenda chumba cha kufulia nikakaa kwenye benchi, na safari hii waliniuliza nina nini, wote, nami nikawasimulia mara mbili.

Nakala ya majibu naifunga humu, mpe Profesa. Kaka yangu anataka nikuandikie jambo la ziada. Nimemwambia mikono anayo. Amechukua kalamu, ameketi nayo tangu chai ya asubuhi hadi sasa wanatangaza habari za mchana. Karatasi inayofuata ni yake.

Shangazi


Binti yangu,

Mguu mzima. Vitanda nimebadilisha Jumapili kama ulivyosema.

Mwalimu mkuu wa shule ya bweni iliyo karibu na machimbo amekuja kuangalia. Nao shimo lao limejaa, watoto wanaugua matumbo. Ameuliza kama tunaweza kuwajengea wao pia. Nimekwenda kupima eneo. Linatosha, ila kuna mwamba upande wa chini, sijui sakafu utataka iinamie wapi.

Nimemjibu kwamba tutajenga, wewe na mimi, ukimaliza masomo. Sikukuuliza kwanza. Kama una mipango mingine niambie, nitarudi kwake nimweleze, sitakasirika.

Ila mashimo ya kupimia udongo nimeshaanza kuchimba.

Baba yako